Mshauri, mwenzako wa kiti au vidonge? Kipi kimfae nani baada ya kuumia uti wa mgongo

Mtu akitolewa wodini na uti wa mgongo ulioumia, nyumbani huandaliwa godoro, mipira ya mkojo, na kiti cha magurudumu kikipatikana. Moyo wake huachiwa wageni. Wiki za mwanzo watajaa kibarazani, wataleta maziwa na machungwa, watasema pole na subira, kisha kila mmoja atarudi kwenye shughuli zake. Hapo ndipo nyumba hunyamaza, naye hubaki akitazama dari.

Hapa Mombasa ana njia nne za kusaidiwa kutuliza nafsi: mshauri nasaha au mwanasaikolojia, mtu mwingine aliyeumia kama yeye (mwenzake wa kiti), vidonge vya daktari, na kiongozi wa dini. Njia hizi hazigombani. Lakini familia nyingi zina nauli ya safari moja tu kwa wiki, na kutoka Likoni au Kisauni na kiti cha magurudumu safari hiyo ni kazi ya siku nzima, kwa hiyo lazima ijulikane ianze ipi. Rai yetu tuitoe mapema: usichague kwa kupima ukubwa wa jeraha. Chagua kwa kuangalia mtu huyu alikuwa nani kabla ya kuumia.

Kwanza hakikisha kuwa ni moyo unaouma

Kuna mambo ya mwili yanayojitokeza kwa sura ya huzuni, wasiwasi au hata wazimu. Yasipoondolewa, si mshauri wala kidonge kitakachosaidia.

La hatari zaidi huwapata walioumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, wakiwemo wote walioumia shingo. Ghafla kichwa chamgonga, uso na shingo vyaiva, jasho lamtoka juu ya jeraha, kifua chambana, naye asema anakufa. Jamaa wakiona hivyo hudhani ni kiwewe cha ajali kimemrudia. Sicho. Ni shinikizo la damu lililopaa kwa sababu kuna kitu chini ya jeraha kinachouchokoza mwili, na mara nyingi kitu hicho ni kibofu kilichojaa. Mketishe wima papo hapo, miguu ining'inie. Legeza mkanda, soksi na kila kinachobana. Ufuate mpira wa mkojo kwa vidole kuanzia mwilini hadi kwenye mfuko, ukunjue uliojikunja, na uhakikishe mfuko uko chini kuliko kibofu. Kama hutumia mpira wa kuingiza na kutoa, atolewe mkojo sasa hivi. Kisha tafuta mengine: choo kilichofunga, kidonda, ukucha ulioota ndani, mkunjo wa shuka chini ya makalio. Mwenye mashine ya presha akumbuke kwamba namba ya juu ya mtu huyu katika siku ya kawaida huenda ni 90 au 100 tu. Ikipanda kwa 20 hadi 40 juu ya kawaida yake, hiyo ni dharura hata kama kwa mtu mwingine ingeonekana nzuri. Isiposhuka kwa dakika chache, ni hospitali. Kusubiri kwaweza kumletea kiharusi.

La pili ni baclofen, vile vidonge vya kulegeza misuli. Vikikatika ghafla, labda vimekwisha mwisho wa mwezi na pesa hakuna, baada ya siku moja au mbili mtu aweza kuanza kuona watu wasiokuwepo, kuweweseka, kukakamaa, hata kupata kifafa. Nyumbani itasemwa kapandwa. Kabla ya kuita mtu wa kumsomea, hesabuni vidonge kwenye chupa, na mumkimbize hospitali. Dawa hii hupunguzwa polepole kwa mpango wa daktari. Kila nyumba inayoitumia iwe na akiba ya wiki mbili isiyoguswa.

La tatu ni kichwa. Aliyerushwa na bodaboda au kuanguka kutoka juu ya mnazi hakuumia mgongo peke yake. Mara nyingi na ubongo ulitikisika, na kwa kuwa miguu ndiyo iliyotisha watu, hakuna aliyeuangalia. Akisahau asubuhi alichoambiwa usiku, akifoka kwa jambo dogo kisha baada ya dakika kumi asikumbuke alifoka, msiseme ajali imembadilisha tabia. Ombeni achunguzwe. Mshauri atakayempa mtu wa namna hiyo kazi ya kuandika nyumbani atamvunja moyo bure.

Halafu kuna joto letu. Chini ya jeraha la juu, mwili hautoi jasho ipasavyo, na mwezi wa Februari au Machi, ndani ya chumba cha mabati, mtu huzubaa, hukataa chakula na hujibu watu kwa ukali. Leso iliyoloweshwa shingoni, feni, maji kulingana na ratiba yake ya mkojo, na kivuli kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni: jaribuni hayo kwa siku tatu kabla ya kumwita mwenye huzuni. Na muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ambao vijana huletewa kitandani na marafiki kwa nia njema ya kumchangamsha mwenzao, huiba usingizi, hupandisha presha na hufunga choo. Choo kilichofunga ni mojawapo ya vichokozi vya ile dharura ya presha tuliyoieleza.

Hulka haikubaki barabarani

Jamaa wengi husubiri zile hatua tano: kukana, kukasirika, kuomba mapatano, kuhuzunika, kukubali. Daktari Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa. Hakuwa akizungumza na watu waliopooza wenye miaka mingi mbele yao. Waliofuatilia watu wa uti wa mgongo hawakuona safari hiyo yenye vituo. Kwa hiyo mtu ambaye mwezi wa pili hajalia, msimchokoze alie. Na anayecheka na wageni huenda anacheka kwelikweli.

Wala huzuni ya ugonjwa si lazima impate kila mtu. Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya mwaka 2013, lilikadiria kuwa watu 20 hadi 30 kati ya 100 walioumia uti wa mgongo huonyesha dalili nzito za unyogovu. Ni wengi, ni wengi mno kupuuzwa, lakini maana yake pia ni kwamba walio wengi hawafiki huko. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwauliza watu 29 waliopooza kwa ajali furaha yao ya sasa ni kiasi gani kwa kipimo cha hadi 5. Wastani wao ulikuwa 2.96, na wa watu wa kawaida 3.82. Pengo lipo na halifichiki. Lakini wengi wetu, tukiulizwa tukadirie kabla ya kuona, tungewapa chini zaidi ya hapo. Jingine lililojitokeza ni kwamba waliopooza waliyakumbuka maisha yao ya zamani kuwa matamu kupita kiasi. Kumbukumbu hiyo ndiyo huumiza saa za usiku: alipokuwa anapanda minazi ishirini kwa siku hakujua kuwa ni furaha, sasa anajua.

Hakuna hulka moja ya watu wa viti. Mwenye wasiwasi wa asili hubaki na wasiwasi wake, na huyo ndiye aliye karibu zaidi na unyogovu. Mchangamfu hutafuta watu tena mapema. Anayeamini kuwa mambo yake yamo mikononi mwake hujifunza kujihudumia haraka kuliko anayesubiri kufanyiwa. Kwa hiyo kaeni kitako, wawili au watatu mnaomjua tangu zamani, mjiulize: alipopata shida kubwa kabla ya hii, kazi ilipokwisha au alipofiwa, alifanya nini? Alishika kitu mkononi? Alikwenda kwa watu? Alijifungia? Au hakulala mpaka jambo likaisha? Jibu hilo lina thamani kuliko picha ya eksirei mnapochagua msaada wa moyo.

Mshauri nasaha

Kikao huchukua karibu saa moja, mara moja kwa wiki, na kazi ya maana huonekana kati ya kikao cha sita na cha kumi na mbili. Siku ya kwanza ni maswali: usingizi, chakula, maumivu, nani anamuogesha, anaogopa nini. Wengi huacha baada ya vikao viwili kwa kuwa "ni maneno tu". Ni kweli, mwanzo ni maneno. Mshauri mzuri kwenye kikao cha tatu hutoa kalamu.

Moja ya kazi zake ni ratiba ndogo ya kuamsha mwili na nia. Siyo "toka nje zaidi". Huandikwa hivi: Jumatatu, kukaa kibarazani dakika 20 baada ya Alasiri, Jumatano, kumenya viazi vya bajia nusu kilo, Ijumaa, kumpigia simu rafiki mmoja wa kazini. Pembeni huandikwa namba mbili, kila moja kati ya 0 na 10: ilikuwa tamu kiasi gani, na alijiona ameweza kiasi gani. Baada ya wiki mbili karatasi hiyo humwonyesha kitu ambacho mdomo wa mshauri usingeweza: siku alizolala kutwa ndizo alizojisikia vibaya zaidi, si zile alizochoka kwa kazi.

Kazi ya pili hutokana na mafunzo yaliyojaribiwa katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, kwa vikao saba katika vikundi vidogo. Karatasi hugawanywa mara mbili. Upande mmoja yaandikwa yanayoweza kubadilishwa: kizingiti cha mlango, mpira unaovuja, ndugu anayeingia bila kubisha hodi. Upande wa pili yasiyobadilika leo: miguu haisogei, kazi ya ukuli bandarini imekwisha. Ya upande wa kwanza hutafutiwa hatua. Ya upande wa pili hutafutiwa namna ya kuishi nayo: mazungumzo, sala, kuyatazama kwa jicho jingine. Wanaoumia sana ni wale wanaofanya kinyume, wakipigana usiku kucha na lisilobadilika huku mpira ukiendelea kuvuja.

Yanayoharibika hapa yajulikana. Ofisi iko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Ulizeni kwa simu, na mkiambiwa "ngazi ni chache" ulizeni ngapi. Kikao kimepangwa saa ambayo ni zamu ya kutoa mkojo, ambayo hurudi kila saa nne hadi sita. Pangeni kikao kianze nusu saa baada ya zamu. Saa nzima amekaa bila kuinua makalio: kila dakika 15 hadi 30 ainame mbele, kifua kwenye mapaja, kwa dakika moja au mbili, na mshauri aambiwe mapema asishangae. Mama amekaa ndani ya chumba akijibu maswali yote kwa niaba ya mwanawe. Mama aombwe kwa heshima asubiri nje. Na kuna mshauri ambaye hajawahi kuona mtu wa uti wa mgongo, akamchukulia kama mfiwa. Muulizeni: umewahi kumhudumia mtu wa kiti? Una leseni ya bodi iliyoundwa kwa sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014? Anayekasirikia swali la leseni, mwacheni.

Mwenzako wa kiti

Hiki ni kitu ambacho mshauri hata awe bingwa hawezi kukitoa. Mwenzako akiingia mlangoni kwa kiti chake, amevaa shati lililopigwa pasi, ameoa, ana simu inayolia kwa kazi, tayari amejibu swali ambalo aliyeumia hakuthubutu kuuliza.

Na hufundisha kwa mikono. Chukua jambo moja tu, kuingia kwenye tuktuk. Msaidizi wa nyumbani humbeba chini ya makwapa na kumtupa, makalio yanakwaruza ukingo wa chuma, na kwa kuwa hayahisi, kidonda huonekana baada ya siku mbili. Mwenzake humwambia: "Ndugu yangu, breki kwanza." Kiti hukaa ubavuni mwa tuktuk, kimelalia pembe kidogo, sahani za miguu zimekunjwa, mkono wa kiti wa upande ule umeondolewa. Miguu hutangulia kwenye sakafu ya tuktuk. Ubao laini huwekwa kama daraja. Kisha siri yenyewe: kichwa na makalio hwenda kinyume. Unataka makalio yaende kushoto, inama mbele na upeleke kichwa kulia, na mikono iinue, isiburute. Dereva kazi yake ni kushika magoti tu, na kukunja kiti. Mtu aliyejua hilo leo atakwenda Kongowea kesho bila kubembeleza mtu, na hamu ya kuishi hurudi kwa njia hiyo zaidi ya tunavyodhani.

Ndivyo ilivyo pia kwa kivuko cha Likoni, ambako maji yakipwa mteremko wa kupandia huwa mkali na mtu hushuka kinyumenyume akishikwa na watu wawili. Na kwa vichochoro vya Mji wa Kale, ambako kizingiti kimoja kirefu chaweza kumfunga mtu miaka. Na mambo ya faragha, choo, kitanda cha ndoa, kupata mtoto, huulizwa kwa mwenzake kwanza, daktari baadaye. Wanawake nao wapate mwenzao mwanamke. Wengi wao hedhi husimama kwa miezi kisha hurudi, na uwezo wa kushika mimba hubaki. Hilo huwa halisemwi wodini.

Lakini si kila mwenzako anafaa. Aliyeumia chini kiunoni na bado asukuma mguu kidogo, akimwambia aliyeumia shingo "mimi niliweza, nawe utaweza", amemjeruhi. Mlinganishe kwa kiwango cha jeraha, jinsia, na muda: awe amekaa na jeraha lake angalau miaka miwili, kwa maana wa miezi minne bado anazama mwenyewe. Jambo jingine la kuangalia hapa kwetu: chama cha walemavu wa viungo, APDK, kiko nchini tangu 1958, na karakana za Bombolulu zimefanya kazi na walemavu tangu 1969, na huko mtapata watu wenye uzoefu mkubwa wa maisha ya kiti. Ila miongoni mwao waliopooza kwa polio hawakupoteza hisia za ngozi wala udhibiti wa kibofu. Ujasiri wao ujifunze, ushauri wao wa kazi na wa kiti uuchukue. Ushauri wa ngozi na mkojo uchukue kwa aliyeumia uti. Kwa kuwapata wenzako wa jeraha, idara ya mazoezi ya viungo katika Hospitali Kuu ya Pwani ni mahali pazuri pa kuulizia, kwa kuwa huwaona wakirudi kliniki.

Na mwenzako akianza kuuza dawa ya kuunganisha uti, au mazungumzo yakawa ya muguka na pombe, safari hizo zisimame.

Tukizishindanisha hizi mbili

Kwa gharama, mwenzako hugharimu nauli na chai. Mshauri wa kibinafsi hulipwa kwa kikao, wa hospitali ya umma huwa nafuu lakini foleni yake ni ndefu. Kwa kasi, mwenzako hugusa moyo siku ya kwanza, mshauri huchukua wiki. Kwa siri, mshauri anafungwa na maadili ya kazi, ilhali mwenzako anakaa mtaa wa pili na ana mke. Aliye msiri wa asili, aliyejifungia kila alipopata shida, mkimletea mgeni wa kiti bila kumuuliza atajiona amevamiwa. Huyo apewe mshauri kwanza, na mwenzake aje mwezi wa pili. Mtu wa watu, dereva wa matatu au mama wa sokoni, hufifia ndani ya chumba cha mshauri. Mpeni mwenzake leo. Aliyekuwa akiishi kwa mikono haponi kwa mazungumzo ya aina yoyote mpaka awe na kazi mbele yake, kwa hiyo mwenzake awe fundi. Na mwenye wasiwasi wa tangu utotoni tungempeleka kwa mshauri hata kama anajisikia vizuri sasa, kwa kuwa kwake hatari ni ya baadaye, wageni wakisha kuondoka.

Kijana aliyependa kasi na hatari ni mgumu kuliko wote. Karatasi za mshauri humchosha, nasaha humkera. Anachokihitaji ni mwenzake wa rika lake aliye na michezo au biashara ya kukimbizana nayo. Si jambo jipya: Ludwig Guttmann pale Stoke Mandeville aliwapa askari waliopooza mishale washindane mwaka 1948, na kutokana na hilo ikakua michezo ya Paralimpiki. Ila huyu huyu kijana ndiye atakayesahau kuinua makalio, kwa hiyo ashindanishwe na hilo pia.

Vidonge

Kuna hali ambayo vidonge hutangulia. Tumieni dodoso la maswali tisa ya unyogovu (PHQ-9) ambalo hospitali nyingi hutumia: katika wiki mbili zilizopita, kila dalili hupewa 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27. Kuanzia 10 aonwe na mtaalamu. Kuanzia 15 aonwe na daktari kabla ya kufikiria njia nyingine, kwa kuwa mtu asiyeweza kuinua kijiko hawezi kufanya ratiba ya mshauri. Lakini angalieni alama zimetoka wapi. Usingizi, uchovu, hamu ya chakula na mwendo wa polepole huharibiwa na jeraha lenyewe. Alama za kukosa raha, kujiona hana thamani na kutaka kufa ndizo zenye uzito.

Fluoxetine, kidonge cha unyogovu, huanza kwa kawaida miligramu 20 asubuhi. Wiki mbili za kwanza huenda asione kitu ila kichefuchefu. Hukumu itolewe baada ya wiki sita. Akipona huendelea angalau miezi sita, maana wengi huacha siku walipojisikia vizuri na kuanguka tena. Kwa wengine huongeza mishtuko ya misuli, na hupunguza hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo aliyeumia atadhani ni jeraha. Kama anameza tramadol kwa maumivu, daktari ajue kabla, kwani mchanganyiko huo waweza kuleta kifafa na sumu mwilini. Amitriptyline, miligramu 10 hadi 25 usiku, hupendwa kwa sababu hutuliza pia maumivu yale ya kuwaka moto na huleta usingizi. Kwa watu hawa ina makali yake: hufunga choo, huzuia mkojo, hushusha presha anapoketishwa, na ikizidishwa ni ya hatari sana, kwa hiyo chupa ikae kwa jamaa, si chini ya mto. Zote mbili ziandikwe na daktari. Kliniki ya afya ya akili ya umma iko Port Reitz.

Kidonge hakimfundishi mtu kuingia tuktuk. Kikimwinua, mwenzake aanze wiki hiyo hiyo.

Imamu na mchungaji

Kwa wengi huyu ndiye wa kwanza kufika, na kuna jambo moja aweza kulitatua kwa dakika tano ambalo mshauri hawezi kwa mwaka. Mwanamume aliyezoea msikiti huacha kwenda kwa sababu ya mfuko wa mkojo: anaona hana twahara. Akiacha msikiti ameacha na watu wake wote. Fiqhi ina hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu, kutawadha kwa kila sala, na kuna kusali kwa kuketi. Imamu aitwe nyumbani, aulizwe waziwazi, na jibu lisemwe mbele ya familia. Kanisani tatizo mara nyingi ni jingine: maombi ya kuponywa mbele ya watu, Jumapili baada ya Jumapili, na kila asiposimama anahisi imani yake ndiyo iliyopungua. Mchungaji aombwe amwombee nguvu na riziki, faraghani.

"Subira" iliyotamkwa siku ya tatu, kabla mtu hajasikilizwa, humfunga mdomo.

Pale ambapo hakuna kuchagua

Akisema anataka kufa, au asiposema ila akaanza kukataa kugeuzwa kila saa mbili, kukataa maji, kuacha kidonda kioze, kugawa vitu vyake, hapo acheni kulinganisha. Asiachwe peke yake, dawa zote ziondolewe chumbani, apelekwe hospitali siku hiyo. Kumuuliza moja kwa moja kama anafikiria kujiua hakumwingizii wazo hilo kichwani. Msalaba Mwekundu wa Kenya una simu ya bure ya ushauri, 1199. Na wanaonyamaza kwa kuogopa polisi wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba.

Lini kubadilisha njia

Andikeni tarehe ya kuanza na alama za dodoso siku hiyo, kwenye daftari lile lile la ratiba ya mkojo. Rudieni dodoso kila baada ya wiki mbili, saa ile ile ya siku, asiwe na homa wala maambukizi ya mkojo. Alama zikishuka kwa 5 au zaidi baada ya wiki sita, njia inafanya kazi. Endeleeni nayo na muongeze ya pili nauli ikiruhusu. Zisiposhuka, rudini kwanza kwenye orodha ya mwili, kisha mwambieni mshauri, mwenzake au daktari namba hizo kama zilivyo, na mjaribu njia nyingine. Daftari alishike aliyeumia mwenyewe. Asiyeweza kushika kalamu aisome namba kwa sauti, mwingine aandike.